Pikapu ya 4x2 au ya 4x4 kwa Kuvuta Boti: Tathmini Baada ya Kuzitumia Zote Mbili

Kwa miaka minne sasa navuta boti ya faiba yenye urefu wa mita 6 kutoka nyumbani Kunduchi, Dar es Salaam, hadi sehemu tatu ninazoishushia majini: mteremko wa saruji ulio mwendo wa dakika kumi, ufukwe wa Bagamoyo ulio umbali wa kilomita 50 hivi, na mara chache Kimbiji, kusini mwa Kigamboni, ambako hakuna saruji wala kitu kingine cha kumsaidia dereva isipokuwa mchanga na watu wema. Miaka miwili ya kwanza nilitumia Toyota Hilux ya milango minne inayosukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake, yaani 4x2, na miwili iliyofuata nimetumia Hilux ya umbo lile lile na injini ile ile ya dizeli ya lita 2.5, isipokuwa hii ni 4x4, yaani magurudumu yake yote manne yanaweza kusukuma. Si mara nyingi mtu hupata kulinganisha magari mawili yanayotofautiana katika jambo moja tu, na ndiyo maana nimeona niandike tathmini hii kwa ajili ya wale wanaotafuta pikapu ya kuvutia boti na ambao wameshaambiwa na kila mtu, kuanzia dalali wa magari hadi shemeji, kwamba bila 4x4 wasijisumbue.

Nianze na mzigo wenyewe, kwa sababu wengi wetu hatuujui. Aliyeniuzia boti alisema ina kilo 800, nami nikaishi kwa muda mrefu nikiamini kwamba navuta kilo 800. Siku nilipoipitisha kwenye mizani ya mnunuzi wa vyuma chakavu, ikiwa juu ya tela lake pamoja na mashine mbili za Yamaha za nguvu farasi 40, matangi ya petroli, sanduku la barafu na nanga, mizani ilisoma kilo 1,740. Tela peke yake lina kilo mia nne na ushei, kila mashine ina zaidi ya kilo 70, lita 100 za petroli ni kilo 75 hivi, na ngamani, yaani chini kabisa ndani ya boti, mlikuwa na maji ya mvua ambayo hakuna aliyeyakumbuka, ilhali kila lita ya maji ni kilo nzima. Kwa mzigo wa namna hiyo, nawasihi wasomaji watazame breki za tela kabla ya kutazama gari lolote. Nchi nyingi huweka kikomo cha kilo 750 kwa tela lisilo na breki zake lenyewe, na matela mengi yanayochomelewa mitaani kwetu hayana breki kabisa. Mfumo wa 4x4 haumsaidii dereva hata kidogo kusimama pale bodaboda inapomkatiza ghafla Bunju akiwa na tani karibu mbili zinazomsukuma kutoka nyuma.

Barabarani, tofauti ya magari haya mawili karibu haipo. Hilux ya 4x4 ya kizazi hiki huunganisha magurudumu ya mbele pale tu dereva anapotaka, na haina difu ya katikati ya kuyaruhusu magurudumu ya mbele na ya nyuma kuzunguka kwa kasi tofauti wakati wa kukata kona. Kwa hiyo ukiiunganisha kwenye lami kavu, shafti na gia hujikaza zenyewe kwa zenyewe hadi usukani uwe mzito na kitu fulani kikatike. Maana yake ni kwamba kutoka Kunduchi hadi Bagamoyo gari langu la 4x4 ni gari la 4x2 lililobeba zaidi ya kilo 100 za vyuma visivyofanya kazi. Daftari langu la mafuta linaonyesha hivyo hivyo: 4x2 ilikuwa inakwenda kilomita 7 na nukta kadhaa kwa lita nikiwa na boti, na 4x4 haijawahi kufika 7. Kuyumba kwa tela, joto la injini, uvivu wa kupanda vilima, yote yalikuwa sawasawa. Mtu anayesema kwamba 4x4 “inavuta vizuri zaidi” kwenye lami anasifu injini au anasifu matairi, ingawa ni kweli kwamba kitabu cha gari mara nyingi huipa 4x4 kikomo kikubwa zaidi cha kuvuta, na kikomo hicho kinafaa kusomwa kwenye kitabu cha gari lako wala si kukisiwa kwa la jirani.

Kinachoigeuza hesabu yote ni mita nane za mwisho.

Unapoteremsha boti, gari hurudi nyuma. Magurudumu ya mbele hubaki juu, kwenye saruji kavu iliyopigwa jua, na magurudumu ya nyuma hushuka hadi pale ambapo maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku na kuacha utando wa kijani unaoteleza kama bamia. Kwa hiyo gari la 4x2 lina bahati mbaya ya kuwa na nguvu zake zote mahali pabaya kuliko pote, na magurudumu mawili yaliyosimama mahali pazuri hayana kazi. Hesabu yake si ngumu. Mteremko wetu hupanda takriban mita 1 kwa kila mita 8. Pikapu tupu na boti juu ya tela ni kama kilo 3,440 kwa pamoja, na kuupandisha mzigo huo kunadai nguvu inayolingana na sehemu moja ya nane ya uzito, yaani kilo 430 hivi. Magurudumu ya nyuma ya pikapu isiyo na mzigo hubeba kilo 700 au zaidi kidogo, na mkono wa tela huongeza kama 120. Saruji kavu huweza kutoa mshiko wa asilimia 70 ya uzito huo, ambao ni zaidi ya kilo 570, na gari hupanda bila kelele. Saruji yenye mwani na maji huenda isifikishe asilimia 30, ambayo ni kilo 250, na hapo matairi huanza kuzunguka bure na kutoa moshi huku boti ikiwa imetulia pale pale.

Dawa ya kwanza inayopendekezwa na vijana wa diko, yaani pale boti za wavuvi zinaposhushwa na kupandishwa, ni kupanda nyuma ya pikapu ili kuiongezea uzito, na kwa miaka miwili nimewapakia vijana wanne wanne na kuwalipa kwa ukarimu. Nilipokaa na kalamu ndipo nilipoelewa kwa nini walikuwa wanasaidia siku moja na kushindwa siku nyingine: vijana wanne ni kilo 250, zinazoongeza mshiko wa kilo 75 kwenye saruji chafu, lakini wao pia wanapaswa kupandishwa mlima, na hilo linadai kilo 31. Faida inayobaki ni kilo 44, nami nilikuwa napungukiwa na 180. Difu ya nyuma inayofungwa, au ile inayozuia gurudumu moja kuzunguka peke yake, ina msaada mkubwa zaidi pale upande mmoja wa mteremko unapokuwa msafi kuliko mwingine, na anayenunua 4x2 kwa kazi hii asikubali gari lisilo nayo kama anaweza kulipata lililo nayo.

Kwa 4x4, magurudumu ya mbele yenye kilo 900 na zaidi juu ya saruji kavu huongeza mshiko wa kilo 630 juu ya zile 250 za nyuma, na jumla hiyo ni mara mbili ya kinachohitajika. Siku ya kwanza nilipopandisha boti kwa gari hili, kwa gia nzito, yaani alama ya L4 ambayo kwa Hilux hupunguza mwendo kwa mara 2.5 hivi, niliachia klachi na gari likatambaa hadi juu bila mimi kugusa mafuta. Kijana anayenisaidia, ambaye kwa kawaida hutembea pembeni akiwa na jiwe mkononi, aliniuliza kama injini imewashwa. Klachi ya 4x2 niliibadilisha mara moja ndani ya miaka miwili kwa sababu ya kuichoma kwenye mteremko huo. Ya 4x4 bado ni ile niliyoikuta.

Faida ambayo sikuitarajia ni ya saa. Katika pwani yetu, siku za bamvua, yaani zile ambazo maji hujaa na kupwa kuliko siku nyingine, maji hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na jioni, na hukupwa kabisa mnamo saa nne au saa tano asubuhi, na tofauti kati ya kujaa na kupwa huzidi mita 3. Wageni ninaowapeleka kuvua nguru na kolekole huondoka alfajiri na kutaka kurudi saa nne, jua linapoanza kuchoma, yaani saa ile ile ambayo sehemu chafu ya mteremko imeachwa wazi yote. Nilipokuwa na 4x2 nililazimika kutia nanga nje na kusubiri hadi alasiri, nikiwa na samaki kwenye barafu inayoyeyuka, au kupanga safari zangu kwa kufuata maji mafu, ambayo hayashuki sana. Mwenye boti ya kujifurahisha mwenyewe anaweza kuishi na ratiba hiyo bila manung’uniko. Mwenye wateja hawezi.

Sasa niseme juu ya tukio lililonifanya nibadilishe gari, ambalo kosa lake lilikuwa langu wala halikuwa la gari. Ilikuwa Jumapili ya bamvua, maji yamekupwa, nami nilikuwa nimerudisha tela hadi boti ikagusa reli zake. Nikavuta breki ya mkono, nikaacha gari kwenye gia, nikashuka kwenda kufunga ndoana ya winchi kwenye omo, yaani mbele ya boti. Nilikuwa nimeinama pale niliposikia kijana akipiga kelele. Gari lilikuwa linashuka, polepole, na jambo lililonishangaza ni kwamba magurudumu ya nyuma yalikuwa hayazunguki hata kidogo. Yalikuwa yamefungwa kabisa, yanaserereka juu ya mwani huku ya mbele yakizunguka kwa raha zake kwenye saruji kavu. Jiwe lilipotupwa chini ya gurudumu la mbele, bomba la moshi lilikuwa tayari limezama na linatoa mapovu. Breki ya mkono hushika magurudumu ya nyuma tu, na gia ya 4x2 nayo hushika hayo hayo, kwa hiyo dereva akiondoa mguu kwenye breki ya kawaida anakuwa ameyakabidhi maisha ya gari kwa magurudumu mawili yaliyosimama juu ya utelezi. Kwenye 4x4 iliyounganishwa, shafti za mbele na za nyuma zimefungamana, na breki ya mkono ikishika nyuma, mbele nako hakuzunguki. Sijamsikia muuzaji yeyote akilitaja jambo hili, ilhali kwangu mimi lina thamani kuliko nguvu zote za kupanda. Mawe bado tunayaweka, tena kabla sijashuka kwenye kiti.

Mchanga ni habari nyingine, na hapa sifa za 4x4 zinahitaji kupunguzwa kidogo. Kimbiji nimekwama nikiwa na 4x4 mara tatu, na mara zote tatu sababu ilikuwa uvivu wa kutoa upepo kwenye matairi. Tairi lenye PSI 35 huchimba; lililoshushwa hadi 18 hujitandaza na kuelea juu ya mchanga, mradi dereva asikate kona kwa ghafla na akumbuke kujaza upya kabla ya kurudi kwenye lami. Wenye matela husahau kwamba matairi ya tela nayo hulima, na kwamba tela linalolima ni sawa na nanga. Kutoa upepo kwenye ya gari na kuyaacha ya tela yakiwa magumu ni kazi nusu. Anayekwama ufukweni maji yakiwa yanajaa asijidanganye kwa jinsi yanavyopanda taratibu mwanzoni, kwa sababu katika saa sita za kujaa ni ile ya tatu na ya nne ambazo maji hupanda kwa kasi kuliko zote.

Wakati huo huo, mchanga ndiko nilikojifunza mbinu iliyoifanya 4x2 yangu iweze kufanya kazi kwa miaka miwili, na ambayo bado naitumia. Unafungua tela kwenye gari, unalisukuma majini kwa mikono na vijana wawili, kisha unalivuta kwa kamba nene ya mita 25 huku gari likiwa limesimama juu kabisa, kwenye ardhi ngumu, magurudumu yake yakiwa makavu. Mkono wa tela unahitaji gurudumu dogo la mbele lililo imara, na lazima kuwe na mtu wa kuongoza kamba na mwingine wa kufuata na gogo la kuzuia tela lisirudi. Inachukua dakika ishirini badala ya sita, na haipendezi kuifanya mbele ya wateja, lakini inageuza tatizo la utelezi kuwa tatizo la subira. Kamba hiyo ni sehemu ndogo sana ya tofauti ya bei kati ya 4x2 na 4x4 ya mwaka ule ule. Tofauti hiyo, nilipokuwa natafuta, ilikuwa inatosha kununua mashine ya boti na chenji ikabaki.

Kuhusu chumvi, magari yote mawili yanateseka sawasawa upande wa nyuma. Ukifika mteremkoni baada ya kilomita 50, ngoma za breki na beringi zina moto, na zikizamishwa ghafla hewa iliyo ndani husinyaa na kuvuta maji ya bahari kupitia kwenye sili. Kusubiri robo saa kabla ya kurudi majini ni bima ya bure. Mimi sasa sizamishi magurudumu ya gari hata kidogo, nimerefusha mkono wa tela kwa mita moja na nusu kwa fundi wa kuchomelea, na naosha chini ya gari na tela lote kwa maji yasiyo na chumvi siku ile ile. Ila 4x4 ina vitu vingi zaidi vya kufuatilia: difu ya mbele, raba za shafti za mbele, boksi la kugawa nguvu, na kifaa cha kuunganishia, ambacho hukwama kisipotumika. Nimejiwekea desturi ya kuunganisha H4, yaani 4x4 kwa gia za kawaida, na L4 kwenye mchanga angalau mara moja kwa mwezi, hata nisipokuwa na safari.

Anayenunua 4x4 iliyotumika ahakikishe kwanza kwamba ni 4x4 kweli. Nimekagua gari moja lililokuwa na nembo ubavuni, kitufe kwenye dashibodi na taa inayowaka vizuri kabisa, na nilipoinama chini nikakuta shafti ya mbele imeshaondolewa, bila shaka na mtu aliyeambiwa kwamba itapunguza matumizi ya mafuta. Lipeleke kwenye mchanga au kokoto, unganisha H4, kata kona kwa mwendo wa mguu na usikilize kama gari linajikaza kidogo. Lisipojikaza, magurudumu ya mbele hayako kazini. Fungua kizibo cha difu zote mbili na uingize kidole: mafuta yenye rangi ya chai ya maziwa yameshakunywa maji, na gari hilo huenda lilikuwa linavuta boti kabla yako.

Kwa wanaofikiria zaidi ya Hilux, maelezo haya yanaifaa pia Isuzu D-Max, kwa sababu mpangilio wake ni huo huo. Land Cruiser ya pikapu yenye injini ya dizeli ya lita 4.2 ni nzito na imara kuliko zote mbili, na kwa boti ya tani tatu nisingetafuta kingine, lakini kwa boti ya mita 6 ni kulipia chuma usichokihitaji. Gari dogo linalovutwa na magurudumu ya mbele linaonekana kuwa na hoja, kwa kuwa magurudumu hayo hubaki pakavu, ila uzito wa mkono wa tela huyanyanyua na kuyapunguzia mshiko mlimani, na boti inayozidi kilo 500 italishinda.

Hukumu yangu, basi, inategemea mahali magurudumu yako ya nyuma yatakaposimama. Mwenye boti chini ya tani moja, mteremko safi wa saruji ambao mtu anausugua, na uhuru wa kungoja maji yajae, anunue 4x2 yenye difu ya kufunga, aweke tofauti ya bei kwenye breki za tela na matairi mazuri, wala asimwonee haya mtu. Mwenye wateja, au mwenye njia ya udongo inayogeuka tope wakati wa masika, au anayeshusha boti peke yake na msaidizi mmoja kama mimi, alipe tofauti hiyo na asiijutie. Mimi nimebaki na 4x4. Ile 4x2 ilinunuliwa na jamaa wa Mwanza, ambaye hushusha mtumbwi wake wa faiba ziwani, mahali ambapo maji hayajai wala kukupwa kila siku. Nilimpa na kamba, nikamwonyesha mahali pa kuweka jiwe.